Majani Mekundu ya Miombo: Wikiendi ya Magari na Mahema Kabla Mvua Haijafunga Njia

Mwanza hatuna baridi ya kugeuza misitu rangi kama ya Vermont au Japani mwezi wa kumi. Tulicho nacho kiko ng'ambo ya ghuba, kwenye misitu ya miombo ya Geita na Biharamulo. Kila mwaka kiangazi kikiwa kimekolea, ardhi imepasuka na mifugo imekonda, miti ya mtundu hutoa majani mapya ya rangi ya damu ya mzee, shaba na waridi, na mvua bado haijadondosha tone. Maji ya kuchipulia hutoka kwenye unyevu wa chini sana unaofikiwa na mizizi, pamoja na akiba iliyomo ndani ya mti wenyewe.

Kinacholeta wekundu huo ni rangi asilia ya mimea iitwayo anthosayanini, ile ile inayotia rangi majani ya Ulaya na Marekani. Tofauti ni wakati. Kule jani hugeuka linapoelekea kudondoka: siku zinafupika, baridi inaingia, klorofili (rangi ya kijani) inavunjwa, njano iliyokuwa imefichwa inajitokeza, na baadhi ya miti hutengeneza wekundu mwishoni kabisa. Huku jani huzaliwa na wekundu, na maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba rangi hiyo hulikinga na jua kali wakati klorofili yake bado changa. Zikipita wiki mbili au tatu, msitu wote umekuwa kijani na mpita njia hawezi kujua kulikuwa na nini.

Ugumu wa safari umejificha hapo. Majani huitangulia mvua kwa wiki chache tu, kwa hiyo wiki yenye rangi nzuri kuliko zote ndiyo pia wiki ambayo njia za porini zinaanza kuwa na mashaka. Anayepanga kana kwamba ni kiangazi kitupu atakwama, na anayesubiri uhakika atakuta kijani.

Tarehe

Sisi tunalenga wikiendi ya pili au ya tatu ya Septemba, na tunaiacha ya nne iwe akiba. Wengi hupenda kuunganisha na sikukuu ya Nyerere, 14 Oktoba, kwa sababu siku ya mapumziko inaongezeka. Mara nyingi ni kuchelewa: majani yameshaiva kijani na mbuga, yaani mabonde ya udongo mweusi, zimeshaloa.

Kalenda peke yake haitoshi. Tafuta wenyeji wawili wa pande tofauti, mmoja mrina asali na mwingine bodaboda anayepita barabara za vumbi, uwapigie Jumatatu na Alhamisi. Mrina asali muulize kama mitundu bado mitupu au imeshatoa. Bodaboda muulize mvua ya mwisho ilinyesha lini na wapi pikipiki zinasukumwa. Ukiuliza tu "barabara ikoje?" utajibiwa "iko vizuri," maana kwa mwenye pikipiki karibu kila barabara iko vizuri.

Miti haichipui kwa pamoja. Mtundu mmoja unaweza kuwa mwekundu kabisa na jirani yake hana hata jani, na mteremko wa mawe hautaenda sawa na bonde lililo chini yake. Usiifute safari kwa sababu mtu ametuma picha ya mti mmoja mtupu. Kinachoharibu zaidi ni moto. Eneo lililoungua kwa moto mkali mwishoni mwa Agosti au Septemba huwa limeunguza hata machipukizi, na utakachokuta ni vigogo vyeusi. Kwa hiyo lazima pia uulize wapi kumeungua na lini.

Utabiri wa msimu wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hukusaidia kujua kama mvua zinatarajiwa kuwahi, lakini uamuzi wa kwenda au kutokwenda ufanyike Alhamisi jioni kwa utabiri wa siku zinazofuata. Kumbuka pia tabia ya ziwa letu. Mchana mawingu hujengeka juu ya nchi kavu. Usiku ziwa hubaki na joto, dhoruba zinahamia majini, na upepo wa mashariki huzisukuma kuelekea pwani ya magharibi hadi alfajiri. Kulala chini ya nyota saa nne usiku si ahadi kwamba mtaamka pakavu.

Njia na vibali

Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, limeondoa foleni ya kivuko iliyokuwa ikivuruga kila ratiba. Zamani msafara ulikatika vipande, magari mawili yakivuka na mengine yakibaki kusubiri. Sasa mnatoka Mwanza Ijumaa saa kumi jioni, mnapita Usagara, mnavuka, Sengerema, na mnalala Geita mjini kwenye gesti. Usiunganishe usiku huo huo hadi porini hata kama lami inakushawishi. Kilomita za mwisho za vumbi zina visiki, mashimo ya wachimbaji wadogo na baiskeli za mkaa zisizo na taa. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mnaondoka, mnapita Katoro na Bwanga, na kabla ya saa tano mko kwenye miti.

Vibali hutegemea ardhi ni ya nani. Msitu wa hifadhi wa serikali kuu uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na ombi hupelekwa kwenye ofisi yao ya wilaya siku kadhaa kabla, kwa maandishi, likiwa na namba za magari na majina ya watu. Msitu wa kijiji ni wa serikali ya kijiji: mtendaji na mwenyekiti, na ni adabu kupita kwao kabla ya kuingia hata kama mmeshazungumza kwa simu. Ukitaka Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyoundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, hapo ni TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa. Unalipia kwa njia ya kielektroniki, unalala kwenye kambi iliyotengwa tu, hutoki nje ya barabara na huokoti kuni. Kuna tembo na nyati, kwa hiyo masharti hayo si ya mapambo.

Neno "porini" lisiwadanganye madereva wapya. Tunapita njia zilizopo: za magogo, za mkaa, za warina asali. Kufungua njia mpya kati ya miti ndiko kunakotoboa matairi, na mvua ya kwanza hugeuza alama za magurudumu kuwa korongo.

Magari

Magari manne yanatosha, matano ndiyo mwisho. Zaidi ya hapo muda wote unaishia kusubiriana. Watu kumi na wanne kwenye magari manne ni hesabu nzuri, maana kila gari linabaki na nafasi ya mzigo na ya kubeba abiria wa gari litakaloharibika. IST na Noah ziachwe Geita kwenye geti la gesti. RAV4 inaweza kufika kukiwa kukavu, lakini ndiyo itakayoamua msafara mzima utapita wapi, hivyo mwenye nayo aambiwe mapema akapande kwa mwenzake.

Kwa mafuta, chukulia mzunguko wote ni kilomita 500 za lami na 100 za njia mbovu. Land Cruiser mkonga ya dizeli hula lita 13 hivi kwa kilomita 100 kwenye lami, na hadi lita 25 ikiwa kwenye lo (gia za chini za kuvuta kwa nguvu) na mchanga. Hiyo ni lita 65 na 25, jumla 90. Ongeza 20 za akiba, utoke na 110. Jazeni Geita au Katoro. Dumu la akiba liwe la chuma na lifungwe nje ya kabati la abiria.

Upepo wa matairi ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Kwenye lami na mzigo weka PSI 36. Mkiacha lami shusheni hadi 28: gari linatulia, na tairi linakunja juu ya jiwe badala ya kupigana nalo. Kwenye mchanga mwingi nenda 18, ila hapo mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa na usikate kona ghafla, maana tairi linaweza kuvuka rimu. Kompresa ya kuchomeka kwenye bateri ni lazima, na geji iwe moja kwa msafara mzima. Geji mbili hazijawahi kukubaliana.

Spea tairi ziwe mbili kwa kila gari, au angalau gari mbili za aina moja zenye rimu zinazoingiliana. Visiki ndio sababu. Mti uliokatwa kwa mkaa miaka miwili iliyopita umeacha kisiki chenye ncha kilichofichwa na nyasi, na kinapoingia ubavuni mwa tairi hakuna utambi wa pancha utakaoziba. Pancha ya kwenye meno ya tairi inazibika kwa dakika kumi. Ya ubavuni ni tairi la kutupa.

Nyasi zenyewe ni hatari ya pili. Nyasi kavu hujisokota kwenye propela shafti na kujibana juu ya ekzosi, kisha zinaanza kufuka moshi taratibu huku abiria wakidhani ni vumbi. Magari ya petroli huwa na joto zaidi pale kwenye katalisti ya ekzosi. Kwenye nyasi ndefu simameni kila kilomita tano, mtu mmoja kwa kila gari alale chini na glovu ngumu, azing'oe. Kizima moto cha unga cha kilo mbili kifungwe pale mkono wa dereva unapofika, na kisiwe chini ya mahema. Mbegu za nyasi nazo huziba rejeta. Ukiona mshale wa joto unapanda mlimani huku maji hayajapungua, angalia mbele ya rejeta kabla ya kulaumu thamostati. Kipande cha neti ya mbu kilichofungwa mbele ya grili huzuia sehemu kubwa, mradi mkipukute kila mnaposimama.

Kwenye msafara, dereva anamwangalia aliye nyuma yake, na kwenye kila njia panda anasimama mpaka amwone. Nidhamu hiyo ikifuatwa, hakuna anayepotea hata kama mtandao wa simu umekata. Vumbi likiwa jingi, acheni mita 200 kati ya gari na gari, na eya klina ipulizwe Jumamosi jioni kutoka ndani kwenda nje.

Udongo ndio unaoamua

Wakulima wa Usukuma wamepanga udongo kwa mteremko, na mpangilio wao unafaa dereva kuliko ramani yoyote ya simu. Juu kuna luseni, mchanga unaopitisha maji. Hapo ndipo pa kupita na pa kulala, maana hata ikinyesha usiku, saa nne asubuhi pameshashika. Chini yake hupatikana itogolo, ambao ni mtego: juu unaonekana kichanga, lakini chini una tabaka gumu lisilopitisha maji, na maji hukaa katikati. Gari linakwenda vizuri mita thelathini kisha ganda linavunjika na ekseli inazama. Ibambasi ni mgumu, wa kijivu na mweupe. Ukiloa unateleza juu tu, gari linakwenda kiubavu ila halizami. Bondeni ndiko kwenye mbuga yenyewe, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba.

Mbuga kavu inapitika kama lami mbovu. Nyufa zake humeza kisigino cha kiatu, gari linatingishika, lakini mnavuka. Ikipata mvua ya saa moja, mambo yanageuka kabisa. Tope halimwagiki, linashika. Linajaza nafasi kati ya tairi na bodi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na kupunguza upepo hakukuokoi. Jua la siku moja halitoshi kuikausha.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza, inayotangulia hata ile ya maji ya kunywa: lala upande wa kutokea. Kama njia ya kwenda kwenye miti mizuri inakatiza mbuga, kambi inapigwa kabla ya mbuga, upande wa nyumbani. Mnavuka mchana na gari mbili zisizo na mzigo kwenda kutazama majani, na kabla ya saa kumi na moja jioni mmerudi. Wageni hulalamika kwamba ng'ambo kuna mandhari bora. Ni kweli, na ndiko mtakakokaa hadi Jumatano.

Mkifika mahali msipopaamini, shuka utembee hatua ishirini ndani ya alama za tairi. Kiatu kikitoka na tope la unene wa vidole viwili, geuza. Kukiwa na unyevu kidogo tu, chukua udongo wa kiganja, uusokote uwe uzi mwembamba kuliko penseli. Ukikatika, kuna mchanga wa kutosha, endelea polepole. Ukijikunja kama uzi wa chapati bila kupasuka, tafuta njia nyingine.

Gari likikwama

Kosa linalozamisha magari ni dakika ya kwanza. Dereva anahisi gari linapoteza nguvu, anakanyaga mafuta, magurudumu yanachimba, na gari linakaa tumbo. Likishakaa tumbo, kazi ya dakika kumi imekuwa ya saa tatu. Likisimama kwenda mbele, jaribu mara moja kurudi kwenye alama zako mwenyewe. Likigoma, zima na shuka.

Kabla ya kuingia, gari lenye habu za mbele (vitovu vya magurudumu) za kufunga kwa mkono zifungwe ukiwa bado pakavu, maana kufunga habu iliyozama kwenye tope ni kuipigia magoti. Ingia na lo, gia ya pili, mwendo mmoja usiobadilika, na kama kuna difu loki ya katikati, inayounganisha ekseli ya mbele na ya nyuma, ishikishe.

Kutoa kunaanza na chepe. Ondoa udongo mbele ya magurudumu yote manne, uwe mteremko mrefu wa kutokea na si shimo fupi lenye ukuta, halafu utoe ulio chini ya difu. Jeki haisimami kwenye tope. Iwekee ubao mgumu wa sentimita 40 kwa 40, unene wa sentimita nne. Nyanyua gurudumu moja moja, jaza chini yake mawe, matawi makavu au vibao vya kutokea, shusha, nenda la pili. Watu huona uvivu kunyanyua la nne. Hilo la nne ndilo litakalochimba tena.

Kuvutana ni hatua ya mwisho, na ndiyo inayoua. Kamba iwe ya nailoni inayonyumbuka, mita nane au tisa, yenye uwezo wa angalau mara tatu ya uzito wa gari na mzigo wake. Mnyororo na waya wa chuma havitumiki kwa kuvuta kwa mshtuko. Kamba inafungwa kwenye ndoana au jicho lililoshikwa na chasisi. Haifungwi kamwe kwenye ile mpira ya chuma ya kuvutia trela: hiyo hukatika na kuruka kupitia kioo cha nyuma. Tandika blanketi zito au mfuko wenye mchanga katikati ya kamba, ili ikikatika ianguke chini. Wote wasio madereva wasimame kando, mbali kwa mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na awepo mtu mmoja tu wa kutoa ishara. Wajomba wanne wakipiga kelele kwa pamoja, dereva hasikii hata mmoja.

Kambi

Sehemu nzuri ni luseni yenye mteremko mdogo, mita zisizopungua mia kutoka kwenye mkondo wa maji hata kama ni mkavu. Tazama juu kabla ya kutazama chini: tawi kavu, na mzinga. Mizinga ya magogo hutundikwa juu na hufanana na tawi, na nyuki wa msimu huu wana hasira za joto. Moshi wenu ukiwafikia, kambi inahama yenyewe. Chuguu liko karibu? Sogea, hapo hukaa nyoka. Magari yapaki pua ikielekea njia ya kutokea, na funguo zote zikae mahali pamoja panapojulikana.

Maji: lita 8 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa. Watu 14 kwa siku mbili ni lita 224, kwa hiyo madumu 12 ya lita 20, na moja la kumi na tatu kwa ajili ya rejeta. Yagawanywe kwenye magari yote. Tumeona misafara ikiweka maji yote kwenye pikapu moja, na ndiyo inayokwama. Wanaotaka kurudi kwa njia ya ziwani wasioge kwenye matete. Kichocho hakionekani, na mamba naye haonekani mpaka umechelewa.

Chakula hakihitaji maneno mengi. Jumamosi mchana kula kilichopikwa Geita. Usiku sato waliotoka soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, Ijumaa, wakiwa kwenye barafu ya pande kubwa, si ya vipande, na wasivuke usiku huo. Jumapili dagaa, ambao hawaharibiki, na unga kilo moja kwa watu wanne. Njiani hakuna kinachoshinda matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga: hayamwagiki, hayaozi, na mtoto anayatafuna kilomita arobaini bila kuuliza tumefika.

Moto ni jambo zito zaidi, maana Septemba msitu mzima ni kuni. Jiko la gesi la kilo sita linatosha kwa mapishi yote, na ndilo tunalopendekeza. Wakitaka moto wa kuotea, safisha duara la mita tatu hadi udongo uonekane, tumia kuni zilizoanguka tu, weka dumu la maji na chepe kando, na usiwashe mchana upepo ukivuma. Asubuhi mwaga maji, koroga, mwaga tena, kisha gusa majivu kwa mgongo wa mkono. Angalia hasa mizizi mikavu iliyo chini ya majivu. Moto huingia ndani yake na kutembea chini kwa chini, ukatokea mita kadhaa mbali baada ya nyinyi kuondoka.

Choo ni shimo la sentimita 30, mita 60 kutoka maji na kambi, jivu baridi kila baada ya matumizi.

Mbung'o

Ukanda huu una mbung'o, na hakuna dawa ya kupaka inayowazuia kikamilifu. Hufuata kitu kinachotembea, gari likiwemo, na huvutwa na bluu na nyeusi. Vaa kaki au rangi ya mchanga, kitambaa kizito. Jinzi ya bluu anaipenda na anaipenya. Utamtambua akitua: mabawa yake hulala moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Pandisha vioo mnapopita penye vichaka, na mkisimama kukagua nyasi chini ya gari fanyeni haraka. Mmoja akae na tawi la majani kuwafukuza kwenye mgongo wa anayelala chini.

Kutazama

Saa bora ni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kisha saa kumi hadi machweo. Jani changa ni laini na jembamba. Ukilitazama jua likiwa nyuma yako linaonekana kahawia tu. Geuka ulitazame likiwa kati yako na jua, wekundu unawaka. Kwa mwonekano wa mbali panda kilima cha mawe, utazame vilele vya miti kutoka juu.

Karibu, shika tawi la mtundu. Kikonyo kimoja hubeba jozi nne hivi za vijani, na jozi ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Yakiwa machanga yananing'inia yamelegea kama hayana mishipa, na siku chache baadaye yanakaza na kulala wazi. Kama jozi kubwa iko katikati ya kikonyo, huo ni muva, na wekundu wake huwa hafifu, unaelekea hudhurungi. Manjano utakayoona mbali kwenye mti usio na jani hata moja ni maua ya mninga. Na mchana jua likiwa kali utasikia milio mikavu ya kupasuka juu ya vichwa: ni maganda ya mtundu yanajisokota na kurusha mbegu. Simama kimya dakika tano chini ya mti mmoja, moja itakuangukia. Usivunje matawi kwa ajili ya picha. Jani likikatwa hunyauka kabla hujafika kwenye gari.

Kurudi

Jumapili anayeamka wa kwanza anakagua anga la upande wa ziwa kabla ya kuwasha jiko. Kukiwa na wingu jeusi au harufu ya mvua, chai inanywewa lami. Bila hivyo, mahema chini saa tatu, porini nje kabla ya saa sita, upepo wa matairi urudishwe 36 mkifika lami, hata kama mnaona uvivu. Tairi la upepo 28 kwenye mwendo wa kilomita 100 na mzigo linapata joto na kupasuka.

Mwanza, gari lioshwe chini kabla ya kuoshwa juu. Tope la mbuga likikauka kwenye ekseli na breki linashika kwa ukaidi. Rejeta isafishwe kwa maji ya nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, maana mashine ya kuoshea gari ikielekezwa karibu inalaza vibati vyote. Oili ya difu ikaguliwe kama gari lilizama hadi ekseli. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, imwagwe siku hiyo hiyo.

Na kila aliyekwenda aambiwe: homa yoyote ndani ya mwezi mmoja, au uvimbe wenye maumivu pale mbung'o alipouma, nenda hospitali ukamweleze daktari kwamba ulikuwa kwenye pori lenye mbung'o. Usipomwambia atapima malaria peke yake, na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, haionekani kwenye kipimo cha haraka cha malaria.